Siku ya Kuupumzisha Mtambo

Kalkuta,
7 Novemba 1996

Kwako Mama yangu mpendwa,

Nainama kwa barua hii kuigusa miguu yako na kukupa salamu za Bijoya, ingawa nimechelewa, na najua watoto wa majirani wote pale Krishnanagar wameshawaandikia mama zao tangu siku sanamu ya mungu mke ilipozamishwa mtoni. Natumai kifua hakikusumbui na baridi hii inayoanza, na kwamba mafuta ya haradali unajichua mwenyewe kila jioni bila kungoja kukumbushwa. Mimi ni mzima. Mbavu zimeunga, na sasa nalala ubavu wowote niutakao.

Barua yako ilifika pamoja na sarpuria, zile tamutamu zako za malai. Zilikuwa zimepondeka njiani, tukazila kwa kijiko, na Shyamoli amesema nikwambie kuwa hata zikipondwa na posta bado hakuna mtu Kalkuta nzima anayeweza kutengeneza kitu kama hicho. Barua yenyewe nimeisoma hadi imelegea mikunjo. Unaniomba mambo mawili. La kwanza, nije nyumbani siku ya Bhai Phonta nimpake mdogo wangu Bibhas msandali kwenye paji la uso na kumwombea maisha marefu kama kila mwaka. La pili, Jumatatu ya tarehe 18, nitakaposimama mbele ya hakimu, niseme kwamba mdogo wangu alikuja kiwandani kuniokoa, na kwamba sikuona ni nani aliyemfanyia Shyamoli alichofanyiwa. Umemwandikisha jirani kuwa ni sentensi moja tu na haitanivunja mdomo. Mama, wewe uliwahi kunichapa kwa uongo mdogo kuliko huo, tena kwa mwiko wa moto.

Najua hayo si maneno yako yote. Wakili aliyetafutwa na mjomba ameshanifikishia yake. Kasema mambo haya yakiendeshwa kwa busara, Bibhas, aliye huko kwako kwa dhamana, ataachiwa kabisa, mimi sitaulizwa lolote, na yule kijana Nepal wa klabu ya mtaani atalipa faini na mambo yatakwisha. Kila mtu atapata chake, alisema, huku akinywa chai yangu. Nilimuuliza Shyamoli atapata nini. Akasema huyo mwanamke si mteja wake.

Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo Bibhas hakukueleza, na mengine ambayo mimi mwenyewe nimekuficha kwa miaka. Keti vizuri.

Hujawahi kuniuliza Alna ni gazeti la namna gani. Ulisema tu kwamba ni karatasi zangu za wanawake, ukatumia toleo moja kufunikia mtungi wa achari. Tulilipa jina la kile kitundikio cha nguo kilichomo chumbani mwa kila mwanamke, kwa sababu hakuna mume ajuaye kimetundikwa nini chini ya nini. Linatoka mara nne kwa mwaka. Wanaotuandikia ni wanawake waliopigwa, waliomwagiwa mafuta ya taa kwa sababu wazazi wao hawakumaliza kumlipa mume mahari, na walionyimwa shule. Pia wanatuandikia wanawake wanaopendana na wanawake, kama mke na mume wanavyopendana. Msiiweke barua chini. Mimi ni mmoja wao, na Shyamoli, huyo unayemwita mwenzangu wa chumba na kumtumia salamu kila mwaka, ndiye niliye naye kwa mwaka wa saba sasa. Nadhani ulijua. Mtu hamtumii mwenzi wa chumba wa bintiye sari mpya kila sikukuu ya Puja.

Tulikuwa na sharti moja katika Alna, nalo tulijivunia sana: mkono wa mwanamume usiguse gazeti letu, tangu kupanga herufi hadi kushona kurasa. Kiwanda tulichotumia ni cha Shangazi Hemnalini, yule mjane wa uchochoro wa wapiga chapa nyuma ya soko la vitabu. Siku za kazi mafundi wake, wote wanaume, huchapa kadi za harusi na vitabu vya dua. Sisi tulipewa siku ambazo wao hawapo. Mwaka huu toleo la Puja lilichelewa, na siku pekee iliyobaki ambayo mafundi hawangekuwepo ilikuwa siku ya Vishwakarma.

Ndiyo, Mama, siku hiyo hiyo. Baba angekuwa hai angenizaba kofi hata kwa kulifikiria tu, maana yeye hata cherehani yako alikuwa akiivika maua ya manjano siku ya mungu wa mafundi, na ole wako uiguse. Shangazi Hemnalini alikataa. Alisema mtambo umeshapakwa poda nyekundu, umeshavishwa shada, umelala. Tukiuamsha leo yeye atawaambia nini majirani? Tukambembeleza. Tulimwambia vipaza sauti vya klabu vitakuwa vinanguruma nyimbo za sinema uchochoro mzima, wanaume wote watakuwa mapaani wakirusha tiara na kulewa, nani atasikia? Shyamoli akasema kama mungu huyo anachukia kuona wanawake wakifanya kazi, basi Shangazi amwombe atupe likizo na ya jikoni pia. Hata Shangazi alicheka, akatoa ufunguo. Tulijiona wajanja kweli.

Bibhas tulikuwa naye tangu Aprili, kama ujuavyo. Alilala barazani kwetu, akatafuta kazi kwa wiki mbili, kisha akaacha kutafuta, akawa wa kucheza karomu pale klabu ya vijana ya huyo Nepal kutwa nzima. Sikumsema sana. Shyamoli ndiye aliyekuwa akimpikia samaki wa haradali na kumfichia kichwa cha samaki chini ya wali mimi nisione. Alikuwa akimwita dada Shyamoli. Alipougua tumbo ni Shyamoli aliyeshika beseni.

Basi siku ile tulianza asubuhi, sisi wawili na wenzetu wawili. Mimi nilikuwa napanga karatasi, Shyamoli anakanyaga kikanyagio cha mtambo, maana ule ni mtambo wa mguu, hautaki umeme. Nje muziki unaungurumisha madirisha. Saa nane hivi umeme ukakatika, kama unavyokatika kila siku katika mji huu, nasi tulikuwa tumezoea kiasi kwamba hatukulifikiria hata kidogo. Vipaza sauti vikanyamaza mara moja. Uchochoro mzima ukawa kimya, na katika kimya hicho mtambo wetu ukaendelea kugonga. Ule ni uchochoro wa wapiga chapa, Mama. Mtoto wa pale anaujua mlio wa mtambo kabla hajaijua sauti ya baba yake. Shyamoli aliinua mguu, lakini walikuwa wameshasikia.

Waliteremka kutoka mapaani na nyuzi za tiara bado zimewazunguka vidoleni. Kumi, labda zaidi. Nepal alitangulia, amevaa fulana mpya, ananuka pombe. Alimuuliza Shangazi, aliyekuwa amekaa mlangoni, kama ameshamaliza kumtukana Bwana Vishwakarma au bado kuna ukurasa mmoja. Shangazi akamjibu kwamba yeye Nepal hajawahi kushika chombo cha kazi tangu azaliwe, mungu wa mafundi anamjulia wapi? Nepal akamsukuma. Shangazi ana miaka sitini na nane. Alianguka juu ya kizingiti, nikasikia nyonga yake ikialika.

Kisha Nepal akachukua karatasi iliyokuwa bado mbichi wino, akaanza kusoma kwa sauti, kwa madaha, kama mchekeshaji jukwaani. Lilikuwa shairi la mwanamke kwa mwanamke. Wakacheka. Na hapo nikamwona Bibhas, nyuma yao, karibu na mlango, naye anacheka kidogo kwa sababu wenzake wanacheka. Nepal akamgeukia. Akamwambia, kumbe wewe Bibhas miezi yote hii unalala kwa dada yako na shemeji yako, mbona hukutualika harusini? Akaongeza, na huyo shemeji ndiye anayekupikia, mwanamume mzima unalishwa na mume wa dada yako. Walicheka hadi wengine wakashikilia ukuta. Bibhas hakucheka tena. Naijua ile sura. Ni ile aliyokuwa nayo shuleni walipomwita mtoto wa fundi cherehani.

Wakaanza kuvunja. Visanduku vya herufi vilipinduliwa, herufi za risasi zikamwagika sakafuni mpaka tukawa tunateleza juu yake. Wenzetu wawili walitoka kwa ngazi ya nyuma kutafuta msaada, na siwalaumu. Mmoja wa wanaume wale alinishika nywele akaniburuta hadi chini ya meza, akanipiga mateke ya mbavu, kwa utulivu, kama mtu apondaye kokoto. Kutoka pale chini niliona kila kitu. Nilimwona Nepal akimwambia Bibhas kwamba ni juu yake sasa kuisafisha nyumba yake, na kama hawezi, basi naye avae sari. Nilimwona Bibhas akienda alipokuwa Shyamoli. Alimshika kifundo cha mkono wa kulia. Shyamoli alimwita jina, akamuuliza, Bibhas, unafanya nini wewe? Kwa ile sauti ya jikoni, ya kumkanya asichovye kidole kwenye sufuria.

Bibhas aliuweka mkono huo ndani ya mtambo, kati ya herufi na bamba la chuma. Nepal akakanyaga. Mtambo ukafunga, ukafunguka, ukafunga tena. Sitakuandikia sauti ya Shyamoli.

Hapo yule aliyekuwa ananipiga aliacha, labda hata yeye hakutegemea. Nepal mwenyewe alirudi nyuma. Wote walikuwa wanautazama ule mkono, na baadhi yao walishaanza kukimbia. Bibhas alikuwa ameuachia. Alikuwa amesimama, mikono yake inaning'inia, ananitazama mimi, machozi yanamtoka. Alisema, dada. Alisema, dada, mimi sikujua.

Mama, Bibhas amekwambia kwamba rafu ya herufi ilimwangukia usoni. Amewaambia hivyo polisi, amewaambia hivyo madaktari. Hakuna rafu iliyomwangukia. Niliokota fremu ya chuma, ile ya kukazia herufi, nzito kama jiwe la kusagia viungo, nikampiga nayo usoni. Alikuwa hanipigi. Alikuwa hamshiki mtu. Alikuwa analia. Pembe ya fremu iliingia jichoni, akaanguka, na alipokuwa ameshaanguka nikampiga tena, na ningeendelea kama Shyamoli, kwa mkono wake uliobaki, asingenivuta sari. Jicho unalolitia dawa asubuhi na jioni nililitoa mimi. Na nilipokuwa nampiga nilifurahi. Ningependa kukuambia kwamba sikuwa na akili zangu, lakini nilikuwa nazo zote.

Sasa unajua kwa nini wakili anaupenda mpango wake. Bibhas hatasema ni nani aliyempiga, mimi nisiseme ni nani aliyeshika ule mkono, na watoto wako wawili watoke salama. Nimejiuliza kama Bibhas ananyamaza kwa kunionea huruma au kwa kuogopa kuulizwa alikuwa amesimama wapi. Nadhani ni yote mawili. Hata Shyamoli amenikinga: pale hospitali alimtaja Bibhas na Nepal, lakini mimi hakunitaja, alisema aliona giza. Wakili anasema mtu aliyeona giza anaweza kuwa hakuona chochote. Kwa hiyo uongo aliousema kunikinga mimi ndio watakaoutumia kumfanya yeye mwongo.

Madaktari wamemkata vidole vitatu. Mkono aliokuwa akipangia herufi haraka kuliko fundi yeyote wa Shangazi, sasa hauwezi kushika kijiko. Kula kwa kushoto hataki, anasema hajafika huko, basi namlisha mimi, na yeye anakosoa ukubwa wa matonge. Nilipomwambia nitakalosema Jumatatu alinikasirikia vibaya. Aliniita kichwa cha mbuzi. Aliniuliza nikifungwa nani atamlisha, Nepal? Kisha akageukia ukutani. Jana hakunisemesha kutwa, ila alifungua mdomo nilipoleta wali.

Sitakuja kwa Bhai Phonta. Siwezi kuugusa uso ule kwa kidole changu na kuomba kifo kisimfikie, wakati mimi ndiye niliyeupasua. Lakini nampenda, Mama. Ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote. Ningefurahi kama ningemchukia, ningelala.

Jumatatu nitamweleza hakimu kilichotokea, nikianza na mlio wa mtambo na kumalizia na fremu. Nitasema ni nani aliyeushika mkono, ni nani aliyekanyaga, na ni nani aliyempiga mtu aliyekuwa analia. Usimlaumu wakili, wala usimpige Bibhas. Muonyeshe barua hii ukitaka, asije akashtukia mbele za watu.

Ukiweza kupata nauli na kifua kikikuruhusu, njoo. Treni ya alfajiri itakufikisha kabla hawajafungua milango. Najua utahangaika ukae upande wa nani, na majirani wataangalia umekaa wapi. Usihangaike. Kaa popote. Nikishamaliza kusema, wanao wote wawili tutakuwa upande mmoja.

Nisalimie mjomba, na jirani anayekusomea barua zangu, ambaye kwa hii ya leo naomba asome hadi mwisho bila kuruka. Shangazi Hemnalini anatembea kwa fimbo na anakusalimu. Shyamoli bado amenuna, lakini ameniambia niandike kwamba naye anaigusa miguu yako.

Ni mimi mwanao,
Ketaki