Mama, Meno Yako Hayakukosea

Kwako Mama, uliyelala kaburini Sikuda,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo ungeuliza kwanza. Ni majuma matatu, na bado nikimsikia Owori akifungua mlango, moyo unatangulia miguu. Kwao ni Nabuyoga. Hunipikia chai asubuhi mbele ya shangazi zake bila haya yoyote. Ungempenda, Mama. Lakini tangu juzi nimeduwaa, hadi ameniuliza mara mbili kama naumwa.

Unakumbuka ulivyonunua mahindi pale Busia kwa niaba ya kikundi chenu cha akina mama? Hukuuma punje ya gunia kabla ya kuuma ya kwako. Ulikuwa na kikopo cha mahindi makavu kabisa. Unauma moja, unaisikiliza inavyolia, ndipo unauma ya muuzaji ujue kama imekauka. Rafiki yako Mama Achieng alikutania kwamba umepewa dawa na mganga. Ukamjibu, "Meno nayo huamka vibaya. Nayapima kwanza."

Owori anatunza mitambo kwenye ghala la nafaka. Juzi alinionyesha chombo kinachorekodi joto na unyevu wa mahindi kwa nyaya zilizozamishwa ndani ya marundo. Kila alfajiri, kabla ya kusoma chochote, chombo hicho hujitenga na nyaya zote, kikapima umeme wa kiasi kinachojulikana uliomo ndani yake chenyewe. Kikiona kimepotoka, hujirekebisha. Nilicheka kwa furaha, nikamwambia huyo ni mama yangu kabisa, nikamsimulia habari za kikopo.

Kisha akatoa kifaa kingine sandukuni, akakichomeka. Nikamuuliza cha nini, wakati chombo kimeshajipima na kujiona kizima.

"Mpenzi, kile kipimo cha ndani kikiharibika, chombo kitajipima na kufaulu kila siku, huku kinasema uongo. Chenyewe hakiwezi kujua, ndiyo maana nakipima kwa hiki cha nje."

Mama, pale pale nilikumbuka siku niliyokigusa kikopo chako.

Nilikuwa darasa la sita. Nilichezea kikopo chako, kikamwagika matopeni. Kwa kuogopa kiboko nikachota punje nyingine kwenye gunia la mahindi yasiyokauka lililokuwa mlangoni, nikafunga kifuniko, nikasahau. Kesho yake sokoni uliuma ya kikopo, ukauma ya gunia, zikalingana. Nakumbuka ulisita. Ulisema leo meno yako ni butu, ukakiamini kikopo kuliko kinywa chako. Ukapitisha mzigo wote, nao ukaota ukungu kabla ya kuvuka mpaka.

Wenzako kikundini wakasema umezeeka. Wengine wakasema muuzaji alikuhonga. Ukaacha soko, ukarudi jembeni, hukujitetea hata siku moja, kwa sababu hata wewe hukujua ulikosea wapi. Na mimi niliyejua nilichofanya sikuwahi kuunganisha hayo mawili. Niliamini kama wao. Nilikuwa nikikuonea huruma, Mama.

Nilimwambia Owori yote, nikingoja anione mtu mwingine. Alinifuta machozi kwa mkono wenye grisi, akasema nilikuwa mtoto, ila sasa najua, na anayejua ana kazi.

Kwa hiyo jana nilikwenda sokoni, nikasema mbele ya akina mama wote. Mama Achieng alikuwa akipepeta maharage. Ungo ukasimama.

"Nafula, ile maneno ya hongo, ni mimi nilianza," alisema. "Mama yako alikuwa anapita hapa, mimi naangalia kando. Alikufa nikiangalia kando."

Tulikaa tumeshikana mikono, wateja wake wakingoja.

Barua hii sikuifunga kwenye bahasha. Nimeiacha wazi ili kila aliyewahi kusema, au kunyamaza kama mimi, aisome. Jumamosi tunakuja Sikuda: mimi, mkwe wako, na Mama Achieng. Amekataa nimsemee. Amesema atasimama kaburini mwenyewe, aseme kwa sauti, majirani wasikie.

Nisamehe, Mama. Nimekosa kukuomba hili ukiwa hai.

Binti yako aliyekuponza,
sasa mke wa Owori