Bakuli Langu Lilivyojaa Bustan

Ijumaa usiku

Nassor ameshalala, mie usingizi sina kwa furaha. Tangu harusi tunakula kwao, wanaume sinia lao, wanawake letu, na nilikuwa na khofu: siku tukikaa wawili mezani, tutazungumza nini?

Leo kanipeleka mkahawa wa Kijapani, kule Bustan. Vyakula vinaletwa kimoja kimoja, vidogo vizuri, kila mtu na chake. Kila kilipokuja, Nassor alihamishia kipande chake kinono bakulini mwangu, kama mgeni anavyosogezewa nyama kwenye sinia.

"Utabaki na njaa, Nassor!"

"Kula wewe. Mama atasema nimeshaanza kukukondesha."

Njiani kurudi, tulipofika Bawshar, njaa ikamzidi, ikabidi asimamishe gari kununua mishkaki. Kipande cha kwanza akanilisha mimi.

Hatukuzungumza mengi. Wala sikuona haja.