Mwongozaji Anayetembea Nyuma

Jumapili, 4 Julai 1976

Nimesonga ugali, nimefua, nimepeleka chai sebuleni kwa mkono wa mama mkwe. Siku ya tatu sasa naishi jikoni kwangu kama mgeni. Wakwe wamekuja kutoka Rungwe, na kwao mkamwana haonani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, hapiti mbele yake. Akitokea, najifunika khanga na kugeukia ukuta. Sisi Wahehe tuna ya kwetu, lakini hii ni kiboko. Miaka mitano ya ndoa, mzee hajasikia sauti yangu.

Amekuja kwa jambo moja. Macho yake yanafifia. Kabla hayajazimika anataka kuuona mji anaoishi mwanawe, wote. Mume wangu ndiye angemtembeza. Leo jioni kaambiwa kazini apeleke lori Makambako, na hatarudi kabla ya Ijumaa mchana. Wakwe wanaondoka Ijumaa asubuhi. Anayeujua mji nimebaki mimi. Nina hofu.

Jumatatu, 5 Julai

Tumetoka nyumbani Mlandege saa tatu. Baridi ya kukata masikio. Mzee mbele na fimbo, mama kamshika mkono, mimi hatua mbili nyuma, khanga hadi kwenye nyusi. Nani aliwahi kuona mwongozaji anayetembea nyuma? Namnong'oneza mama, mama anamgeuzia kwa Kinyakyusa. Kila kona nikiitaja, tumeshaipita. Miyomboni tumeingia uani kwa watu tukidhani ni njia. Wenyewe wanapukuchua mahindi. Wakatusalimu kwa Kihehe, kamwene, wakatuletea viti. Tukakaa, tungefanyaje.

Sokoni nilisema tu: hili soko, walijenga Wajerumani. Mama akaeleza hadi miguu ikaniuma. Kuta nene, nguzo, rundo la nyanya, mwanamke mnene anasinzia kwenye viazi. Mzee anatikisa kichwa kwa raha. Nimeona wivu kidogo. Mji wangu, utamu anautoa mama.

Jumanne, 6 Julai

Boma. Kisha mwamba wa Gangilonga. Kupanda, taabu tupu. Juu mzee alisimama, uso kautupa vichakani. Mji uko upande wa pili. Nikadhani anasali. Mama akamgeuza polepole kwa bega.

Nilitaka kuuliza, nikameza. Nimechoka kumeza maneno. Nina hasira na mume wangu, na mila, na mzee mwenyewe. Niandike tu, hakuna anayesoma.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Ngoma zilikuwa zinapita barabarani, mama akatoka kutazama. Mimi jikoni, kichwa wazi, nimefumua nywele, napepea jiko la mkaa. Mzee akaingia.

Sikuwa na pa kugeukia. Akanitazama usoni moja kwa moja. Nilingoja ashtuke, ageuke, atoke. Hakupepesa. Akanyoosha mkono, akapapasa ukuta, akaanza kujishusha akae. Nyuma yake hakukuwa na kigoda. Kulikuwa na jiko, mkaa umeiva.

"Baba, jiko. Usikae."

Akaganda. Nikamshika kiwiko, nikamketisha kwenye kigoda. Nimemsemesha, nimemgusa. Kisha nikakimbilia uani nikalia. Haoni. Haoni hata kidogo.

Alhamisi, 8 Julai

Mama kasema kweli. Macho yalizimika kabla ya Pasaka. Wakaficha, wakijua mwana wao angewakataza kusafiri. Siku zote hizi mama ndiye alikuwa macho yake. Nikaomba radhi kwa nilichovunja. Akasema mila itatafutiwa njia na wazee kijijini. Mzee angeungua, njia wangeitafuta wapi.

Baada ya chakula mzee kaniita mwenyewe. Kwa Kiswahili safi. Kumbe ujanani alikata mkonge Tanga miaka saba. Minong'ono yangu yote alikuwa anaisikia, hata pale niliposema anatembea kama kinyonga. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mji nimeuona kwa macho ya mama yako," alisema. "Sasa nipeleke wewe."

Tumerudi kote. Mimi mbele, nimeshika ncha ya fimbo yake. Mwanzo sauti ilikuwa haitoki. Tulipofika soko nilikuwa nimekwisha kuwa kasuku. Nimemwambia rangi za vitenge, moshi wa mahindi ya kuchoma, mto Ruaha Mdogo unavyong'aa kule bondeni. Vitu ambavyo mimi mwenyewe napita kila siku sivioni.

Ijumaa, 9 Julai

Stendi asubuhi, ukungu. Mama kapanda kushika viti. Mzee akabaki chini kwanza.

"Umenionyesha kila kitu," alisema. "Wewe ukoje?"

Mji mzima nimeueleza, mimi mwenyewe sijawahi kujieleza. Nikasema mfupi. Mweusi. Nina mwanya.

"Mwanya sikuambiwa," akasema, na akacheka. Akapanda ngazi akirudia polepole, mfupi, mweusi, mwanya, kama mtu aliyetumwa dukani na anaogopa kusahau.

Mume amerudi saa saba, vumbi hadi kwenye kope. Kabla hajavua viatu kauliza kama baba ameuona mji. Nimemwambia aketi kwanza, ale.