Ile Migomba Kumi na Mmoja

Kampala,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu,

Mugonile, Mama. Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba mgongo umepunguza maumivu na kwamba unakula, siyo kuonja tu na kusukuma sahani. Ambokile, najua wewe ndiye unayemsomea mama barua hii. Soma pole pole, mdogo wangu, na usiruke mahali utakapoona nimekutaja. Mama, akiruka utamjua, maana atakohoa.

Mimi mwili haujambo. Ya moyo nitayasema huko mbele. Nimeona niandike kwenye karatasi, nimpe mwenzangu mmoja wa Mbeya anayerudi nyumbani kesho, kwa sababu simu kwa sasa siitaki. Ikilia nashtuka. Ndiyo maana hamnipati, siyo kwamba nimewasusia. Haya, niseme kweli, wiki ya kwanza nilikuwa nimewasusia.

Nianze na semina, kwa kuwa ndiyo mliyonifichia msiba ili niimalize. Ni haki yako kujua ilikuwaje.

Walikuja wanafunzi wa udaktari wa hisabati kutoka nchi zetu hizi za jirani, kila mmoja akapewa dakika ishirini aeleze utafiti wake mbele ya maprofesa, kisha maswali. Wengine walikuja na hesabu zisizo hata na namba, herufi tupu zimejaa ukutani kama siafu. Mimi nilikuja na migomba yetu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza ni hesabu gani za miaka minne ambazo hazifiki kwenye jibu. Natafuta kujua mnyauko ukiingia shamba moja utafika lini shamba la pili, na kinachoubeba zaidi ni kipi, machipukizi tunayopeana au mapanga tunayoazimana. Nilihitaji mtu wa kuzunguka mashamba kumi na mawili ya Kisondela kila Jumamosi, ahesabu migomba inayoumwa na iliyokatwa, aandike. Baba yetu, Tata, akasema, "Mtu gani tena? Mimi sina miguu?" Akayapa mashamba namba, letu likawa namba moja, akanunua daftari. Ambokile kazi yake ikawa kupiga picha ukurasa na kunitumia. Miaka miwili Tata hakuruka hata wiki moja, na mvua ya Tukuyu unaijua mwenyewe. Siku moja nilimwambia mvua ikizidi akadirie tu. Alinigombeza mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. "Daftari halidanganywi, mwanangu. Ukilidanganya leo, kesho litakuumbua."

Mwezi wa semina mwandiko ulibadilika. Saba za Tata zina mstari katikati, hizi hazikuwa nao. Nilipouliza ulisema macho yanamsumbua, anatembea lakini Ambokile ndiye anayeandika. Nilipopiga tena nikataka kuongea naye, ukasema koo limemkauka, sauti haitoki. Sauti yako ilikuwa imetulia kabisa, Mama. Nikakwambia umwambie asinywe maji ya baridi. Ukaitikia, "Nitamwambia." Kumbe mlikuwa mmeshamzika, na ilikuwa siku ya tatu.

Siku mbili baadaye nikasimama mbele ya watu. Nilivaa lile gauni la kitenge ulilonishonea, nikaeleza vizuri, sikutetemeka. Mchoro wangu ulikuwa ukutani: mstari unaopanda taratibu, na nukta nyingi zimeufuata, kila nukta ni wiki moja ya daftari la Tata. Isipokuwa nukta moja ya mwisho, ya shamba namba moja. Hiyo ilikuwa imeruka juu peke yake. Wiki zote shamba letu lilikatwa mgomba mmoja au usikatwe hata mmoja, na wiki hiyo imeandikwa kumi na moja.

Profesa mmoja, mzee mpole mwenye mvi, akainua mkono. Akauliza, "Wiki hii palitokea nini?"

Mama, mimi nilikuwa nimeshaiona hiyo nukta chumbani kwangu, kabla ya semina. Sikupiga simu kuuliza. Nilichoka, nilikuwa na haraka, nikajiambia Ambokile kakosea kuandika. Pale mbele nikataka kuwachekesha watu. Nikasema, "Shamba hilo ni la baba yangu, Profesa. Mtunza daftari wangu ana miaka sabini na miwani ya kuazima. Nadhani siku hiyo alihesabu mgomba mmoja mara kumi na moja."

Ukumbi mzima ukacheka. Profesa naye akacheka, akasema basi iondoe hiyo nukta, inakuharibia mchoro. Nikasema nitaiondoa. Walinipigia makofi mengi, na jioni nikanunua soda nikajipongeza.

Kesho yake asubuhi akapiga Baba Mdogo. Hakusalimia kama kawaida yake ya kusalimia mpaka kuku. Akasema, "Subi, uko na nani hapo?" Nikasema niko chumbani, peke yangu. "Tafuta mtu ukae naye, halafu unipigie." Mama, kwetu nani asiyelijua swali hilo? Hakuna anayeulizwa yuko na nani ili apewe habari njema. Sikutafuta mtu. Nilikaa sakafuni nikamwambia, "Sema, Baba." Akasema.

Niliwakasirikia sana. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ninyi mlificha maradhi na kifo chenyewe mkakificha. Mlimzika baba yangu wakati mimi napiga pasi gauni. Baba Mdogo alinieleza kwamba Tata mwenyewe aliagiza, akiwa wodini pale Igogwe, kwamba nisiambiwe mpaka nimalize kusema hesabu zangu. Alinieleza pia kwamba hata ningeambiwa, mabasi yasingenifikisha kabla ya maziko. Yote nilisikia. Hasira haikupungua. Marehemu hagombezwi, kwa hiyo nikakugombeza wewe. Nilikwambia umeniibia kilio changu. Sikukoma mpaka salio langu likaisha.

Naomba unisamehe maneno yale. Ningeomba mapema, ila sikuwa na moyo.

Kilichonirudisha ni ile nukta. Alhamisi nilikaa kurekebisha mchoro kama nilivyoagizwa, nikaona kabla ya kuifuta niwashe simu nimuulize Ambokile ilikotoka. Hapa soma, Ambokile, usikohoe. Nilimuuliza, "Ile kumi na moja uliandika nini?" Akakohoa. Nikarudia. Akasema, "Dada, ile ni ya msiba."

Nikamwambia aeleze. Akaeleza kwamba mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, uwanja wote tope, ikabidi yakatwe majani ya migomba watu wapate kukalia. Na ndizi za kuwapikia waombolezaji. Majirani walileta mikungu yao, "lakini unajua, Dada, wafiwa huanza na za kwao." Wakakata kumi na mmoja, yote ya kwetu, yote mizima.

"Sasa mbona uliandika? Si mlikuwa mnanificha?"

"Jumamosi ilifika, Dada. Nikakumbuka alivyosema daftari halidanganywi. Kwenye simu tulikudanganya, pale kwenye daftari mkono ulikataa. Sababu tu ndiyo sikuiandika."

Basi nikaelewa, Mama. Kilio cha baba yangu kilikuwa ukutani, nimekichora kwa mkono wangu, na mtu mzima mwenye hekima zake akaniuliza kwa upole palitokea nini. Mimi nikamcheka Tata. Nilimcheka mbele za watu akiwa kaburini siku ya tano, kwa kosa ambalo hakulifanya. Nyinyi mlinificha kwenye simu, lakini habari yenyewe mlinitumia, na mimi niliyesoma kuliko wote nyumbani ndiye sikuisoma. Hili linaniuma kuliko kukosa maziko.

Kisha Ambokile akanieleza la beseni, ambalo wewe hukunieleza na sidhani ungenieleza. Kwamba wanaume walipotaka kuingia shambani kukata, uliinuka pale ulipokuwa umekaa na wanawake wenzako, kanga kiunoni, ukaenda kusimama mwanzo wa migomba na beseni la maji ya jiki, ukataka kila panga lichovywe kwanza, kama nilivyokuwa nikimsisitizia Tata ili mnyauko usihamie kwetu. Kwamba jirani yetu wa shamba namba nne alikwambia, "Mama, hata siku kama ya leo?" Nawe ukamjibu, "Chovya panga. Mwanangu anahesabu."

Mume wako amelala ndani ya nyumba, Mama, hujamzika. Na wewe umeshika beseni.

Siku hiyo ndipo nililia. Nililia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti, mpaka wenzangu wa Kampala wakagonga mlango wakidhani nimeumia. Niliwafungulia, nikawaambia nimefiwa na baba. Wakakaa nami, mmoja akapika uji. Kwa hiyo ule ushauri wa Baba Mdogo wa kutafuta mtu nimeutimiza, ingawa kwa kuchelewa.

Nukta sikuifuta. Msimamizi wangu aliniandikia kuniuliza mbona bado ipo, nikamjibu kwamba ni namba sahihi, aliyekosea ni mimi. Chini ya mchoro nimeongeza mstari mmoja: "Wiki hii shamba namba moja lilikuwa na msiba." Akauliza kama mstari huo ni wa lazima kwenye kazi ya hisabati. Nikamwambia ndiyo. Yule profesa mwenye mvi nimemwandikia pia, nikamweleza palitokea nini, kwa kuwa aliuliza na sikumjibu.

Nimepewa ruhusa. Mwisho wa mwezi huu nitakuwa nyumbani, na nitakaa mpaka utakaponifukuza.

Nisalimie Baba Mdogo Gwakisa, umwambie simlaumu, amebeba mzigo ambao kila mtu aliukwepa. Nisalimie shangazi Tusekile, dada yake Tata. Nimesikia sauti ilimkauka kwa kulia, naye alilia na sehemu yangu. Msalimie mchungaji aliyemzika. Msalimie yule jirani wa namba nne, na kwa kuchovya panga lake umwambie ndaga fijo, asante sana. Ambokile, wewe nakusalimu hapa hapa. Saba zako hazina mstari, lakini mkono wako ni wa baba yako.

Mama, ninalo ombi moja. Najua Ambokile anataka kusafisha shamba, maana visiki vikioza vinaleta wadudu, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo. Safari hii naomba msinisikilize. Kaburi nitalikuta, lakini kaburi limeshasawazishwa na kila mtu ameshasimama pale. Vile visiki ndivyo vilivyobaki vya siku ambayo sikuwepo. Visiguswe. Jumamosi ya kwanza nikiwa nyumbani nitakuomba daftari na kalamu, nitaingia shambani peke yangu, nitavihesabu kimoja kimoja hadi kumi na kimoja, na nitamwambia Tata kwamba hakukosea.

Mimi mwanao,
Subilaga, wa shamba namba moja.