Eulalie na baruti za arusi

Dada Maombi! Eulalie wetu ametuaibisha kule Vietnam 😂😂

Si unajua iko anatembea na bwana yake Anaclet, sac ku mugongo, toka mujini mupaka vijiji vya milima?

Leo asubui, ku nyumba ya koko mwenye balilala, kulikuwa arusi. Bakapasua baruti za furaha, desturi ya kule: PAPAPAPA!

Eulalie akavuta bwana, bakalala chini mu koridoro, mbali na madirisha. Sawa vile sisi hapa Nyalukemba tunalala wiki hii yote juu ya masasi! Papa Anaclet alikuwa ananyoa, akalala na sabuni ku ndevu! 😂

Eulalie ananiandikia eti "Sikufikiri, mwili ulilala wenyewe."

Batoto ba kule balicheka mupaka machozi.

Koko mwenye nyumba, miaka makumi nane, ule aliona vita ya kwabo, hakucheka. Aliweka fimbo, akalala pembeni ya Eulalie, akamushika mukono.

Maombi, arusi ilikuwa ya mujukuu wake.