Perege wa Saa Sita

Jumatatu, 1 Julai 1974
Kipande cha reli kimegongwa alfajiri, nikaingia ziwani na ukungu. Baridi ya kukata masikio. Saa nne kikagongwa tena: toka majini, nenda shamba la kijiji. Perege wawili tu. Nina hasira. Kipupwe hiki perege hawali asubuhi. Wanajificha kwenye kina mpaka jua lipashe maji ya ghubani, kwenye matete, saa sita hivi. Kijiji kizima cha Usinge kinajua. Katibu wa kijiji hajui. Katoka Tabora mjini na ratiba yake: samaki alfajiri, shamba la tumbaku kuanzia saa nne.

Jumanne, 2 Julai
Mmoja. Mdogo kama kiganja. Ndugu Katibu kaniita mvivu mbele ya akina mama. Mimi! Mtumbwi ninaovulia niliuchonga mwenyewe, miezi mitatu, yeye hajaota hata ndevu. Leo ni mali ya kijiji. Sawa, nilikubali. Lakini mvivu?

Alhamisi, 4 Julai
Shamba sikwenda. Nimekaa mtumbwini nikasubiri jua. Saa sita wakaanza kula. Matenga mawili! Kijiji kizima kimepata kitoweo. Katibu naye kala, kalamba vidole, kisha kaitisha mkutano. Kosa langu: kuvunja ratiba. Adhabu: mtumbwi ukakae mbele ya ofisi nisiutoroshe tena. Nimewaambia, mti huo ukikaa nje ya maji kwa jua hili utapasuka. Nikaambiwa nisiwatishe viongozi. Mjinga kashiba samaki wangu!

Ijumaa, 5 Julai
Wanaume sita wameuburuta. Wote walikula jana. Hakuna aliyenitazama usoni.

Jumatano, 10 Julai
Siandiki. Nikiandika nitatukana.

Jumapili, 21 Julai
Katibu kaja nyumbani, peke yake. Kaniamkia shikamoo, mara ya kwanza tangu tuhamishiwe hapa. Watoto wa shule wanakula ugali mkavu, kasema. Kamati imekubali nivue saa niitakayo. Nikasema marahaba.

Nimekwenda kuuchukua mtumbwi. Umepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho, kiganja changu kinapita kwenye ufa. Nimekaa juu yake kidogo. Kisha nikarudi.

Mke wangu kauliza kesho aniamshe saa ngapi. Nimemwambia asiniamshe.