Mbuzi Aliyenilea

Jumapili, jioni.

Leo upepo wa Isiolo umeamka na hasira zake. Nimefagia sebule mara mbili na bado vumbi limejaa mezani. Mimi mwenyewe sijielewi. Nimelia kidogo, nimecheka kidogo, na sikumbuki kipi kilitangulia.

Acha niseme jambo ambalo nimelikwepa humu kwa muda mrefu. Sisemi na ndugu yangu Mwiti. Huu ni mwaka wa tatu. Baba alipolazwa hospitali, Mwiti ndiye aliyebaki na duka letu la Kiwanjani, na akauza mizani. Ile mizani ya chuma ambayo Baba alipimia sukari tangu sijazaliwa. Hakumwambia mtu. Baba alifariki, tukamzika, na siku ya kugawa vitu vyake nikamwambia Mwiti mbele ya wajomba wote kwamba yeye si mtoto wa yule mzee wa mbuzi.

Aliinamisha kichwa. Hakujibu hata neno moja.

Jumamosi hii anaenda kuomba mke Ngare Mara. Baba hayuko, na mimi ndiye kifungua mimba. Mama amenibembeleza wiki nzima nifuatane nao, nami wiki nzima nimekataa.

Sasa huyo mbuzi.

Zamani, kabla ya kaunti, kabla ya lami na haya maghorofa, duka letu lilikuwa na taa moja ya mafuta, na giza likianza kuingia watoto wa mtaa walijaa humo. Waborana, Waturkana, Wasomali, sisi Wameru wa Baba. Tulikaa juu ya magunia ya mahindi. Baba alifunga sukari robo robo kwa magazeti huku akisimulia, na hakuwahi kukosea kipimo wala hadithi. Alikuwa nazo nyingi, lakini tuliyoidai kila siku ni moja.

Mwaka wa ukame, mbuzi mwekundu aliingia uani kwetu. Hana kamba, hana mchungaji. Baba akamfunga, akamlisha maganda na makaratasi ya duka, akaulizia sokoni wiki tatu. Mwishowe akatokea mama mmoja kutoka Gotu, akamkuta mbuzi wake amenenepa. Hapo Baba aliinua kidole, na sisi sote tukamalizia kwa pamoja: "Hata kama hana kamba, ana mwenyewe!"

Watoto walimwita "Baba Mbuzi". Naweza kuisikia sauti yake sasa hivi, na harufu ya mafuta ya taa, na sabuni ya mche. Ningetoa chochote nikae tena juu ya gunia lile.

Hadithi hiyo ndiyo iliyonilea, sioni haya kusema. Miaka ile kaunti ilipoanza na kila mtu alikuwa anajenga, nilikuwa karani wa stoo kwa mkandarasi mmoja hapa mjini. Aliniambia nisaini kwamba simiti imefika wakati haikuwa imefika. Nilimfikiria Baba na kidole chake, nikakataa. Nilipoteza kazi, lakini usingizi sikupoteza. Na nilipomwambia Mwiti maneno yale, nilijiona nina haki kabisa.

Leo baada ya kanisa nilipita kwa akina mama wa maziwa kumnunulia Mama maziwa ya ngamia. Muuzaji wangu wa kawaida alikuwa na mamake, mkongwe aliyeletwa mjini kutoka Gotu kwa ajili ya macho. Nikasalimia salaam aleikum. Muuzaji akamwelezea mimi ni nani, binti wa duka la Kiwanjani. Bibi akanishika mkono, akaniuliza baba yangu si yule Mmeru mrefu. Nikasema ndiye, marehemu sasa. Akamwombea kwa Mungu. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo ndiye alikula mbuzi yangu!"

Nilidhani umri umemchanganya. Nikamsahihisha kwa adabu, nikamwambia Baba alimrudisha.

"Arudishe nini, na ngozi nilikuta kwa ua? Na sikio iko hapo na alama yangu!"

Akanieleza taratibu, akinipapasa mkono. Mbuzi wake alipotea akielekea majini. Sikio lake lilikuwa limekatwa alama ya ukoo, na kwa mfugaji hiyo inatosha kuliko kamba. Baba, mtu wa milimani alikokulia na mbuzi wanne waliofungwa nyuma ya jiko, aliona sikio lililoraruka tu. Akachinja, akaanika ngozi kwenye ua wa barabarani kila mtu aione, maana hakujua kuna cha kuficha. Bibi akaja na wazee wawili. Wakati huo Mama alikuwa amejifungua siku ya nne, hana maziwa ya kutosha, na duka halina kitu.

"Nikasikia mtoto nalia ndani. Nikaambia wazee, twende. Mama amezaa, lazima akule nyama. Kesho yake nikaletea yeye samli."

Kisha akaniuliza, "Huyo mtoto ilikuwa wewe?"

Ilikuwa mimi.

Nilitembea hadi kwa Mama nikiwa nimekasirika, sitaki kudanganya. Miaka arobaini! Kazi yangu! Nikamkuta anachambua maharagwe. Nikamuuliza kama anajua, na hata hakuinua macho.

"Ile supu ilikuwa tamu," akasema. Halafu akaniuliza nilitaka mtoto wa miaka sita aambiwe nini. Kwamba ukikuta mbuzi, chinja? Akasema Baba alirudi kwa yule mama mara tatu na mbuzi mwingine, na mara tatu akafukuzwa. Baada ya mara ya tatu ndipo alipoanza kuisimulia vile, na mwanzoni alikuwa akiisimulia peke yake akipanga rafu.

Nilikaa pale nikamsaidia maharagwe. Hasira ilinitoka polepole, na nyuma yake ikaja aibu. Maana yule bibi alikuwa na ngozi mkononi na mashahidi wawili, akachagua kumsamehe mtu asiyemjua. Mimi nilikuwa na mizani tu, na huyo ni ndugu yangu.

Saa kumi na mbili nilimpigia Mwiti. Alipokea haraka, akiogopa kwamba Mama ameugua. Nikamwambia Mama mzima. Nikaanza kumweleza kuhusu bibi wa Gotu, maneno yakinigongana, nikitaka kufika pale pa kuomba msamaha.

Akanikatiza kwa upole.

"Ya mbuzi najua, Kendi."

Baba mwenyewe ndiye alimwambia, kule hospitali, siku Mwiti alipopiga magoti na kukiri kwamba ameuza mizani kulipia kitanda na dawa. Baba akamwambia ainuke, akamsimulia hadithi yote ilivyokuwa, ngozi, samli na mbuzi watatu waliokataliwa. Kisha akamwombea.

Nikamuuliza kwa nini, siku ile mbele ya wajomba, hakufungua mdomo. Ningenyamaza papo hapo.

"Ulikuwa unalia," akasema. "Tulikuwa tumezika Baba juzi tu. Ningekwambia Baba alinisamehe, ungeuliza kwa nini, na ya mbuzi ingetoka. Nikaona kama ni kumchukia mtu, unichukie mimi."

Miaka mitatu kaka mdogo amekubali kuitwa mwizi ili mimi nibaki na baba yangu. Na mimi nilikuwa nikijiuliza amejifunza nini kutoka kwa yule mzee.

Nikamuuliza Jumamosi tunaondoka saa ngapi.